Farasi wa Kuazima

Michezo ya farasi, karibu popote duniani, ni michezo ya wenye nazo. Farasi mzuri wa kuruka vizuizi anaweza kuuzwa kwa bei ya nyumba, na akishanunuliwa anataka banda, nyasi kavu, nafaka, daktari wa mifugo, na fundi wa kwato kila baada ya wiki sita au nane, ashinde asishinde. Anayeingia uwanjani na farasi wa fedha nyingi huwa ameshawatangulia wenzake kabla mashindano hayajaanza. Lakini yapo mashindano yaliyoukataa mpango huo tangu siku ya kwanza. Katika mashindano mengi ya vyuo vya Marekani mwanafunzi haji na farasi. Anafika na kofia yake ngumu, buti na koti, anapangiwa kwa kura farasi wa chuo kilichoandaa mashindano, mnyama ambaye pengine hajawahi kumtia machoni, anampanda na kuingia naye uwanjani bila hata kumjaribu. Dakika chache baadaye anashuka, anamkabidhi kwa mshindani wa chuo kingine, na mara nyingi hawaonani tena.

Nyuma ya mwanafunzi huyo yuko kocha. Nimeifikiria sana kazi ya mtu huyu, kwa sababu inakwenda kinyume na mengi tunayoyajua kuhusu ukocha. Kocha wa soka hupanga mfumo akijua kwamba mpira ni uleule, Jumamosi hii na ijayo. Kocha wa riadha humjua mkimbiaji wake hadi mapigo ya moyo. Huyu humwandaa kijana kukutana na kiumbe hai chenye uzito wa kilo 500 hivi, chenye hofu zake na kumbukumbu zake, ambacho kocha mwenyewe hakukichagua wala hakukilea. Basi kinachofundishwa hapo ni nini hasa? Naamini ni jambo kubwa kuliko mchezo wenyewe: namna ya kukaa vizuri na kisicho chako.

Utaratibu huu ulizaliwa New Jersey mwaka 1967. Robert Cacchione, aliyekuwa bado mwanafunzi wa chuo cha Fairleigh Dickinson, alitaka vyuo vishindane kwa farasi bila kumfungia nje kijana asiye na farasi wala fedha za kumnunua. Akisaidiana na Jack Fritz wa chuo jirani cha Drew, alianzisha chama kinachojulikana leo kwa herufi IHSA. Kilianza na vyuo viwili, kikakua hadi kufikia vyuo karibu 400. Wazo la msingi halikubadilika. Aliyekulia juu ya tandiko ana daraja lake la kushindania, na ambaye hakuwahi kushika hatamu hadi alipofika chuoni naye ana lake. Mwamuzi hampimi farasi. Anampima mpandaji: anavyokaa, mikono yake ilivyo tulivu, anavyoelewana na mnyama aliyepewa.

Ukitaka kuiona kazi ya kocha kwa karibu, itazame asubuhi ya mashindano. Wenyeji huwatoa farasi wao mapema na kuwanyoosha viungo mbele ya wageni. Makocha wageni husimama kando ya uzio, kila mmoja na karatasi yenye majina ya farasi, wakitazama na kuandika. Huyu anavuta kichwa akigeukia kulia. Yule mwekundu mwenye doa jeupe usoni anaharakisha kila akikiona kizuizi. Yule jike wa kijivu ni mzito wa kuondoka, lakini akiguswa mbavuni kwa nguvu anaudhika na kupiga mkia. Kila alama kwenye karatasi hiyo ni swali ambalo kocha atalijibu kwa niaba ya mwanafunzi ambaye bado hajui atapewa nani. Pengine msichana mwenye miguu mifupi atampata farasi mwenye kifua kipana, au kijana mwenye papara atampata yule anayetaka utulivu.

Kura ikishatoka, kinachobaki ni muda mfupi penye lango. Mwanafunzi anapandishwa. Kocha anamrekebishia urefu wa vikuku, anaukagua mkanda wa tandiko kwa vidole viwili, mkono wake mwingine ukiwa shingoni mwa farasi. Anasema maneno machache sana. Mguu uwe mwepesi. Mpe hatamu kidogo, usimbane. Kwenye kona, macho yatangulie. Kisha lango linafunguliwa, naye ananyamaza, kwa kuwa haruhusiwi kumwelekeza mpandaji aliye mbele ya mwamuzi.

Maneno yale machache nimeyapa uzito kuliko kombe lolote. Karatasi ya kocha ina mambo kumi juu ya farasi yule, na mwanafunzi anapewa mawili. Yale manane yaliyobaki yanazuiwa kwa makusudi. Farasi ni mnyama wa kuwindwa: maumbile yamempa macho ya pembeni yanayoona karibu pande zote, na ngozi inayomhisi nzi akitua. Mtu akikaa mgongoni mwake na kuzuia pumzi, farasi anajua. Akikaza paja, farasi anajua. Mwanafunzi akiambiwa hatari zote za farasi wake, atazibeba zote mwilini mwake, na mwili utamsimulia farasi kila kitu kabla hawajamaliza mzunguko wa kwanza. Kwa hiyo kocha anapaswa kujua mengi na kusema kidogo, na kuchagua kidogo hicho kwa kumtazama usoni kijana aliye mbele yake. Wapo walimu wengi wanaojua mengi. Anayejua la kuliacha leo ni nadra.

Maandalizi ya dakika ile hufanyika nyumbani, wiki baada ya wiki. Kocha huwabadilishia wanafunzi farasi mara kwa mara, hata pale wanapolalamika, hasa pale wanapolalamika. Huwaondolea vikuku ili wajifunze kukaa kwa uzito wa mwili badala ya kuning'inia kwa miguu. Huwauliza walipata nini kutoka kwa farasi wa leo ambacho yule wa juzi hakuwapa. Na kwenye timu iliyolelewa vizuri kuna sentensi ambayo haisemwi mtu anapotoka uwanjani ameshindwa: kwamba nilipewa farasi mbaya. Swali la kujiuliza ni jingine, nalo ni gumu zaidi: alihitaji nini kwangu ambacho sikumpa?

Hesabu za mchezo huu nazo zina mafunzo yake. Mshindi wa kwanza wa kila daraja hupata pointi 7, wa pili 5, wa tatu 4, kisha 3, 2 na 1. Kabla ya mashindano kuanza, kocha humtaja mpandaji mmoja katika kila daraja ambaye pointi zake ndizo zitakazohesabiwa kwa timu. Wengine hushindania pointi zao binafsi. Na pointi 7 za daraja la chini kabisa, la wanaojua kumwendesha farasi kwa hatua na kwa matiti tu, yaani mbio za polepole, zina thamani ileile na pointi 7 za wale wanaoruka vizuizi. Bingwa wa timu akikosea kidogo, anayeweza kuokoa siku ni kijana aliyegusa farasi kwa mara ya kwanza Septemba iliyopita.

Kanuni hiyo inamnyima kocha njia ya mkato. Hawezi kuwekeza kwa nyota wawili na kuwaacha wengine wafuate vumbi. Lazima arudi kwa yule anayeanza, amfundishe kusimama kwenye vikuku, kupanda na kushuka kwa mdundo wa matiti, kuzuia mikono isiruke kila farasi anaporuka. Ni kazi isiyo na picha nzuri za gazeti. Tena kumtaja mpandaji wa pointi ni uamuzi unaouma, maana anayetajwa na asiyetajwa watarudi chuoni kwenye basi moja usiku uleule. Kocha huwa ameupima moyo wa kila mmoja: nani anakuwa bora akibebeshwa mzigo, nani anavunjika, na nani anahitaji wiki moja zaidi ya kupanda bila kuhesabiwa.

Ufundi wenyewe wanaoufundisha umepita mikono mingi kabla ya kufika vyuoni, na sehemu kubwa ya mikono hiyo ilikuwa ya wanajeshi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ofisa wa Italia, Federico Caprilli, alipinga desturi ya wapanda farasi kuegemea nyuma na kuvuta hatamu wanaporuka kizuizi. Alifundisha mpandaji ainame mbele, amfuate farasi na kumwachia shingo yake, ili mnyama aruke jinsi ambavyo angeruka akiwa peke yake. Alifariki mwaka 1907 kwa kuanguka kutoka juu ya farasi, lakini fikra yake ilienea. Vladimir Littauer, ofisa wa wapanda farasi wa Urusi aliyehamia Marekani baada ya mapinduzi, aliieneza kwa vitabu na kwa madarasa, na ikapata makao katika chuo cha wanawake cha Sweet Briar, Virginia, ambako Paul Cronin aliifundisha kwa zaidi ya miaka 30.

Hadi Olimpiki ya 1948, timu ya farasi ya Marekani ilikuwa ya jeshi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia jeshi liliachana na farasi, shule yake ya wapanda farasi ya Fort Riley, Kansas, ikafikia mwisho, na elimu iliyokuwa ya kambini ikatawanyika kwa raia. Leo wengi wanaopanda katika timu za vyuo ni wanawake. Elimu iliyotungwa kwa ajili ya kubeba askari vitani ikawa mikononi mwa wasichana wa miaka 19, na wanaoisimamia ni makocha ambao wengi wao nao ni wanawake. Katika safari hiyo yote, jambo ambalo Caprilli alilitaka halikupotea: mpandaji aache kumzuia farasi kufanya anachokiweza.

Upo pia mfumo wa pili, ule wa timu zinazoendeshwa na idara za michezo za vyuo vikubwa, chini ya chama kiitwacho NCEA. Huko wapandaji wawili wa vyuo pinzani humpanda farasi yuleyule mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akipewa dakika nne za kumzoea, na mwenye alama nyingi ndiye anayeiletea timu yake pointi. Sijaona mchezo mwingine unaompa kila mmoja kipimo cha wazi namna hiyo: mnyama mmoja, uwanja mmoja, njia moja, tofauti ni mtu tu. Makocha waliojenga timu hizi walianza karibu na sifuri. Meghan Boenig wa chuo kikuu cha Georgia ameiongoza timu yake tangu ilipoundwa na kuipa ubingwa wa taifa mara kadhaa. Greg Williams wa Auburn, Alabama, aliipokea ikiwa kikundi kidogo cha wanafunzi na kuifanya miongoni mwa timu zinazoogopwa zaidi.

Lakini mfumo huu umesimama juu ya ardhi isiyotulia. Ulikua kwa msukumo wa sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Chuo chenye timu ya futiboli ya Kimarekani, ambayo kwa miaka mingi iliruhusiwa kutoa nafasi 85 za ufadhili kwa wavulana, kilipaswa kutafuta nafasi za wasichana za kusawazisha mizani. Timu ya farasi, yenye wapandaji wengi, ilisaidia. Ni sababu ya haki, ila ni sababu ya hesabu, na hesabu hugeuka. Ili mchezo uwe na ubingwa rasmi chini ya chama kikuu cha michezo ya vyuo, lazima vyuo 40 viwe na timu zake, na timu za farasi hazijafika huko. Oktoba 2014 chuo kikuu cha Kansas State kilitangaza kwamba kingeifuta timu yake ya farasi na kuanzisha soka la wanawake mwaka 2016. Chuo hicho kipo jirani na Fort Riley, palepale ambapo jeshi lilifundisha upandaji farasi kwa vizazi.

Nafikiria maana ya tangazo kama hilo kwa kocha. Kufuta timu ya mbio ni jambo zito, lakini viatu hurudi stoo. Kufuta timu ya farasi kunaacha wanyama wanaokula kila siku, wengine wazee, wengine waliotolewa zawadi na familia zilizoamini wametua salama. Anayepaswa kumtafutia kila mmoja makao ni yuleyule ambaye naye amepoteza kazi. Na kwenye vyuo vidogo, pasipo idara kubwa ya michezo, kocha mara nyingi ni mwenye banda la karibu anayelipwa kwa saa za masomo, na timu ni klabu ya wanafunzi wanaochangisha wenyewe nauli na ada za mashindano. Mwajiri wake wa kweli ni mapenzi yake.

Waswahili tunasema mpanda farasi wawili hupasuka msamba, na kocha huyu hana siku asiyopanda wawili. Wa kwanza ni mwanafunzi, wa pili ni mnyama. Siku nyingi hao wawili wanakwenda pamoja. Lakini siku moja asubuhi kocha anapitisha kiganja chini ya goti la farasi tegemeo na kuhisi joto lisilokuwapo jana. Mashindano ni kesho. Farasi anatembea vizuri, mwanafunzi amefanya mazoezi mwaka mzima, wazazi wako njiani, na mtu asiyejua asingeona kitu. Uamuzi wa kumwondoa farasi yule kwenye orodha hauna shahidi wala pongezi. Mimi nauona ndio uamuzi unaomtambulisha kocha kuliko mwingine wowote, kwa sababu kati ya wale wawili ni mmoja tu anayeweza kusema anaumia.

Vivyo hivyo na usiku wa msokoto wa tumbo. Farasi hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite njia ndefu ya matumbo, na kikikwama anaweza kufa katika muda wa saa chache. Dalili huanza ndogo: ameacha nafaka, anageuka kutazama ubavu wake, anakwangua sakafu kwa ukwato. Anayejua huweka sikio ubavuni, nyuma ya mbavu, na kusikiliza. Tumbo lenye afya hunguruma, na ukimya ndio wa kuogopwa. Mpaka daktari afike, anamtembeza farasi taratibu, anamzuia asijibwage na kujibiringisha, anampima mapigo ya moyo. Mara nyingi wanafunzi kadhaa hubaki naye wakisaidia kwa zamu. Hakuna darasa la asubuhi linaloweza kuwafundisha uwajibikaji kama usiku huo, kwa sababu mnyama yule si wao, hakuna alama watakazopewa, na hawawezi kwenda zao.

Miaka ya kazi hii hupita kwa mafungu ya minne minne. Mwanafunzi anafika akiwa na miaka 18, anaondoka anapoanza kupanda vizuri. Farasi nao wanazeeka na kustaafu. Cynthia Ford wa chuo cha Skidmore, jimbo la New York, alifundisha kwa miongo kadhaa na kushinda ubingwa wa taifa mara nyingi, na kila ubingwa aliupata na kundi jingine la vijana na kundi jingine la farasi. Kudumu katika kazi ya namna hiyo kunahitaji mtu aliyekubali kuanza upya kila Septemba, na ambaye kipaji chake kitaonekana miilini mwa watu wengine tu. Yeye mwenyewe, aliyekuwa mpandaji hodari enzi zake, husimama katikati ya uwanja akiwa na vumbi kwenye buti, akiwatazama wengine.

Na wengi wa wanafunzi hao hawatamiliki farasi maishani. Watakuwa madaktari, wanasheria, walimu, wahasibu, wazazi. Lakini watakabidhiwa vitu: mgonjwa aliyeletwa na zamu, darasa ambalo hawakulichagua, ofisi iliyoachwa na mtangulizi, fedha za watu. Karibu kila cha maana tunachoshughulika nacho katika utu uzima tunakipokea hivyo, kwa kura, bila kukijaribu kwanza, na tunakiachia kwa mwingine. Yapo matendo mawili yanayotuponza tukipewa kisicho chetu: kukitumia kwa pupa kwa kuwa hatutakiona tena, na kukilaumu kikikataa kututii. Kocha wa farasi wa chuo hutumia maisha yake yote kuyapinga matendo hayo mawili, kwa vitendo, mbele ya kiumbe ambacho hakidanganyiki.

Ndiyo maana nadhani vyuo vinakosea vinapoiweka kazi hii kwenye fungu la burudani, au vinapoikumbuka pale tu mizani ya nafasi inapohitaji kusawazishwa. Kocha anayeweza kumchukua kijana asiye na kitu, akampa farasi wa watu, na kumrudisha farasi huyo bila jeraha na bila hofu, huku kijana akiwa amejifunza kusikiliza, ni mwalimu kamili. Alipwe kama mwalimu, apewe mkataba wa mwalimu, na timu yake isihesabiwe kuwa ni anasa. Cacchione na wenzake walithibitisha zaidi ya nusu karne iliyopita kwamba mchezo wa matajiri unaweza kugawiwa kwa kura na ukabaki mchezo mzuri. Makocha ndio wanaoifanya kura ile iwe ya haki kila wikiendi, na haki hiyo inastahili kutunzwa kwa fedha na kwa heshima.